Mwenye Chombo na Mwenye Wimbo

Septemba 1989, Sony ya Tokyo, iliyojulikana duniani kwa redio za transista, runinga za Trinitron na Walkman, ilikubali kuinunua Columbia Pictures ya Hollywood kwa dola bilioni 3.4, mbali na madeni iliyoyarithi. Januari ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekwisha kuichukua CBS Records, kampuni ya Michael Jackson na Bruce Springsteen, kwa dola bilioni 2. Jarida la Newsweek likamtia jaladani yule mama mwenye mwenge, nembo ya Columbia, akiwa amevikwa kimono, na kutangaza kwamba Japani imeivamia Hollywood.

Waliopiga kelele walisahau kitu kimoja. Aliyeuza Columbia alikuwa Coca-Cola, kampuni ya soda, ambayo nayo ilikuwa imeinunua mwaka 1982 bila mtu yeyote kulia kwamba soda imeivamia sinema. Hofu ya 1989 ilikuwa ya utaifa, na iliwafumba watu macho wasiuone mgongano halisi, ambao haukuwa kati ya Japani na Marekani bali kati ya biashara mbili. Muuza mashine hufaidika pale kurekodi, kubeba na kunakili kunapokuwa rahisi kwa kila mnunuzi. Mwenye wimbo au filamu hufaidika pale kunakili kunapokuwa kugumu, kwa ruhusa na kwa malipo. Anayezimiliki zote mbili ameuleta ugomvi nyumbani kwake.

Makala haya yanalinganisha namna ugomvi huo ulivyoamuliwa katika mapokeo mbalimbali: Uingereza na Marekani ya zama za santuri na redio, Japani ya Sony na Matsushita, Uholanzi ya Philips, Korea ya Samsung, na pwani ya Afrika Mashariki, ambako mwenye duka la redio alikuwa pia mrekodi wa taarabu. Hoja yangu ni kwamba kampuni zilizoifanya burudani kuwa mtumishi wa mashine ziliishia kuipoteza. Iliyodumu ni ile iliyokubali, baada ya hasara kubwa, mashine iwe mtumishi wa burudani au iiache iende zake.

Sauti kama chambo

Sony haikuwa ya kwanza. Kampuni ya Gramophone iliundwa London mwaka 1898, na tangu mwanzo ilitambua kwamba mashine yake ni bubu mikononi mwa mtu asiye na sahani anayoipenda. Mwaka 1902 fundi wake, Fred Gaisberg, alifunga safari ya Asia kurekodi waimbaji wa Calcutta na miji mingine. Sababu ilikuwa ya kibiashara: tajiri wa Calcutta hangenunua gramafoni ili asikilize opera ya Milan peke yake. Ilipofika 1908 kampuni ilikuwa na kiwanda chake cha sahani Calcutta.

Mantiki ileile ilifika Unguja. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi chini ya lebo ya kampuni hiyo, His Master's Voice, ile yenye mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni. Nyimbo za Kiswahili zikatoka katika sahani, wenye maduka wa pwani wakapata cha kuwashawishi wateja, na kampuni shindani nazo zikaja kutafuta sauti za kwao. Sifa ya Siti ilifika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake alimwandika kama mtu aliyejitoa katika unyonge kwa kipaji chake, na ndivyo alivyokuwa. Katika vitabu vya hesabu vya London, hata hivyo, sauti yake ilikuwa chambo, na samaki aliyekusudiwa alikuwa mnunuzi wa mashine.

Marekani ilikuza mantiki hiyo hadi kuwa mfumo. RCA, iliyoundwa mwaka 1919 na baadaye kuongozwa na David Sarnoff, ilianzisha mtandao wa utangazaji wa NBC mwaka 1926 na kuinunua Victor, kampuni ya santuri, mwaka 1929. Vipindi vya redio vilimfikia msikilizaji bure, lakini alilazimika kununua redio. Runinga ya rangi ilipokuja, RCA ikiwa mtengenezaji mkuu wa seti zake, NBC ilianza mwaka 1959 kurusha Bonanza kwa rangi wakati ambapo nyumba nyingi za Marekani bado zilikuwa na runinga ya nyeusi na nyeupe. Farasi na mashamba ya Nevada yalikuwa kipindi, yakawa pia tangazo la seti ghali lililodumu saa nzima kila wiki.

Mfumo huo una akili nyingi, ila unategemea sharti moja: mashine iendelee kuleta faida nono. Ushindani kutoka Japani ulipoibana faida hiyo, chambo kilibaki bila ndoano. General Electric iliinunua RCA mwaka 1986, na ndani ya muda mfupi santuri zikaenda kwa Bertelsmann ya Ujerumani na runinga zikaenda kwa Thomson ya Ufaransa. London nako mambo yalikwenda njia hiyohiyo. Kampuni ya Gramophone iliyogeuka EMI mwaka 1931 iliunganishwa na Thorn, watengenezaji wa taa na runinga, mwaka 1979. Wakatengana 1996, na mwaka 2012 EMI ikagawanywa: rekodi zikaenda Universal, haki za utunzi zikaenda kwa kundi lililoongozwa na Sony.

Mshtakiwa anayegeuka mlalamikaji

Sony ilizaliwa Mei 1946 katika Tokyo iliyoharibiwa kwa mabomu. Masaru Ibuka na Akio Morita walitoa kinasa sauti chao cha kwanza mwaka 1950, mzigo mzito usiojulikana matumizi yake, na wateja wake wa mwanzo walikuwa mahakama na shule. Miongoni mwa waliokikosoa ni mwanafunzi wa uimbaji aliyeitwa Norio Ohga, mwenye sauti ya baritoni, aliyewaeleza wahandisi kasoro za chombo chao kwa masikio ya mwanamuziki. Hawakumfukuza. Walimwajiri, akaenda kusoma Berlin, akarudi, na mwaka 1968 Sony ilipofungua kampuni ya santuri kwa ubia na CBS ya Marekani, yeye ndiye aliyekabidhiwa.

Ohga ni muhimu katika ulinganisho huu kwa sababu mapokeo ya London na New York hayakuwa na mtu wa aina yake mezani. Sarnoff alikuwa mtu wa redio aliyehitaji muziki, ilhali Ohga alikuwa mtu wa muziki aliyehitaji mashine nzuri. Matunda yake yalionekana mwaka 1982. Sony na Philips walikuwa wameunda sidii kwa pamoja, na kampuni nyingi za santuri ziliikataa kwa kuogopa gharama na wizi. Oktoba mwaka huo mashine ya kwanza ya sidii iliingia madukani Japani ikiwa na sahani za CBS/Sony za kuchezwa ndani yake. Kama Sony isingekuwa na kampuni ya muziki, huenda teknolojia hiyo ingesubiri miaka mingi kibali cha watu wengine.

Somo hilo lilikuwa la kweli. Somo la pili, lililotokana na Betamax, lilikuwa nusu ya ukweli, na ndilo lililogharimu zaidi. Sony ilitoa Betamax mwaka 1975. JVC, kampuni tanzu ya Matsushita, ikatoa VHS mwaka uliofuata. Betamax ilisifiwa kwa ubora wa picha, ikashindwa sokoni, na mwaka 1988 Sony yenyewe ikaanza kuunda deki za VHS. Ndani ya kampuni ikajengeka imani kwamba laiti wangekuwa na maktaba yao ya filamu, Betamax isingekufa. Imani hiyo haisimami ikichunguzwa. Kanda za kwanza za Betamax zilichukua saa moja, za VHS saa mbili, zinazotosha filamu nzima. JVC iligawa leseni kwa viwanda vingi, deki za VHS zikawa tele na nafuu. Wala JVC haikuwa na studio hata moja Hollywood. Filamu zilikwenda VHS kwa kuwafuata watazamaji waliokwisha kuhamia huko.

Kuna jambo jingine katika historia ya Betamax linalostahili kukumbukwa kuliko ubora wa picha. Mwaka 1976 studio ya Universal, pamoja na Disney, iliishtaki Sony ikidai kwamba deki ya kurekodi ni chombo cha kuvunjia hakimiliki. Kesi ilidumu hadi Januari 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani akakitazame baadaye si kosa, na muuza mashine hawajibiki. Sony iliyoshinda siku ile ilikuwa mtetezi wa mtu wa kawaida na kitufe chake cha kurekodi. Miaka 5 baadaye ilikuwa mmiliki wa Columbia, yaani imehamia upande wa walalamikaji bila kuuacha upande wa washtakiwa.

Matokeo ya mwanzo yalikuwa mabaya kwa sababu za kawaida za fedha. Sony iliwakabidhi Columbia watayarishaji Peter Guber na Jon Peters, ikainunua kampuni yao kwa dola milioni 200, ikaingia kesi na Warner Bros. iliyokuwa na mkataba nao, ikawaachia watumie kwa ukarimu. Novemba 1994 ilitangaza hasara ya dola bilioni 3.2 katika sinema. Hasara kama hiyo inaweza kuipata kampuni yoyote inayoingia mji isioujua. Ugonjwa wenyewe ulijitokeza baadaye.

Desemba 1999 unatosha kuueleza. Mwezi huo Sony ilitoa Japani Walkman isiyo na kanda wala sahani, yenye kuhifadhi nyimbo kwenye kadi ndogo, karibu miaka miwili kabla ya iPod ya Apple. Mwezi huohuo kampuni kubwa za muziki, Sony Music ikiwemo, zilikwenda mahakamani kuishtaki Napster kwa kugawa nyimbo kwenye intaneti. Mkono mmoja ulikuwa ukiuza chombo cha kubebea mafaili ya muziki huku mwingine ukiyafungia mlango. Ndiyo maana Walkman ile haikucheza MP3 moja kwa moja. Mnunuzi alipaswa kuzigeuza nyimbo zake ziwe za mfumo wa Sony wenyewe, kwa programu yenye vizuizi vingi. Watu wakanunua iPod. Apple haikumiliki wimbo hata mmoja, kwa hiyo haikuwa na mtu ndani ya nyumba wa kumwambia basi. Mwaka 2003 ilifungua duka la nyimbo kwa senti 99 kila mmoja, nalo lilikuwepo hasa ili iPod iuzike. Mfumo wa London wa 1902 ulikuwa umerudi California.

Mwaka 2005 ugomvi ulifika kilele chake. Sidii za Sony BMG, ubia wa muziki wa Sony na Bertelsmann, ziligunduliwa kuwa zinapakia kwa siri, ndani ya kompyuta ya mteja, programu ya kuzuia kunakili iliyojificha na kuacha mwanya kwa wahalifu wa mtandaoni. Kampuni iliyojijengea jina kwa vyombo vya kuaminika ikalazimika kurudisha mamilioni ya sahani zilizokuwa zikidhuru vyombo vya wateja. Mshika mbili moja humponyoka, wahenga walisema. Sony iliponyokwa na zote mbili kwa siku moja: muziki ulichukiwa na mashine ikashukiwa.

Waliouza wakaondoka

Je, ni tabia ya Kijapani? Matsushita, jirani na mshindani wa Osaka, inatusaidia kujibu. Mwaka 1990, kwa kuiga hatua ya Sony, iliinunua MCA, wamiliki wa Universal, kwa dola bilioni 6.1. Tazama mzunguko huo: studio iliyotaka deki za kurekodi zipigwe marufuku iliishia mikononi mwa kundi lililoijaza dunia VHS. Ndoa haikudumu. Mabwana wa Osaka waliokuwa na hesabu za kiwanda hawakuelewana na wasimamizi wa Hollywood waliotaka fedha za kupanua, na mwaka 1995 Matsushita iliuza asilimia 80 kwa Seagram, kampuni ya pombe ya Kanada, kwa dola bilioni 5.7.

Philips ya Eindhoven ilikuwa na mapokeo tofauti kabisa. Ilikuwa na kampuni za santuri tangu 1950, na kwa ubia na Siemens ya Ujerumani ikaunda PolyGram mwaka 1972, ambayo baadaye ilizimeza Island, A&M na Motown. Haikuvamia mji wa mtu. Iliukuza muziki pole kwa pole, kwa uvumilivu wa kiwanda cha familia. Hata hivyo, ilikuwa pia kampuni iliyoleta kaseti mwaka 1963 na kuruhusu viwanda vya dunia nzima kuitengeneza bila kutozwa ada. Ukarimu huo ndio ulioifanya kaseti ienee kila kijiji, na ndio ulioifanya PolyGram iibiwe kila kijiji. Mwaka 1998 Philips iliiuza PolyGram kwa dola zaidi ya bilioni 10. Mnunuzi? Seagram ileile. Kampuni mbili za elektroniki, moja ya Asia na moja ya Ulaya, zilifika sokoni kwa njia tofauti na kumkabidhi muuza pombe funguo zao. Tofauti ya mapokeo ilibadilisha muda waliokaa, haikubadilisha mwisho.

Korea inaongeza funzo la tatu. Mwaka 1995 Samsung ilizungumza na Steven Spielberg na wenzake kuhusu kuwekeza katika studio mpya ya DreamWorks. Kwa simulizi iliyochapishwa baadaye, Spielberg alichoshwa na chakula cha jioni ambacho mazungumzo yake yalirudi kila mara kwenye semikondakta. Mpango ukavunjika. Waliotoa dola milioni 300 badala yake ni Cheil Jedang, kampuni ya sukari na unga iliyokuwa imejitenga na kundi la Samsung, chini ya wajukuu wa mwanzilishi. Samsung iliendelea kivyake na kitengo chake cha burudani, ikakifunga mwaka 1999 baada ya mtikisiko wa uchumi wa Asia. Kampuni ya sukari, sasa CJ, ilijenga majumba ya sinema, ikasambaza filamu, na mwaka 2020 Parasite, filamu iliyosimamiwa nayo, ikatwaa Oscar ya filamu bora. Kwa nini sukari ifaulu pale semikondakta iliposhindwa? Nadhani ni kwa sababu haikuwa na mashine ya kuipigania. Faida yake ilitoka kwenye filamu yenyewe, kwa hiyo filamu ilipewa kiti cha mbele.

Duka la redio na kanda ya taarabu

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu wa mambo haya. Mombasa ilikuwa na mapokeo yake ya muuza chombo anayeingia katika burudani, madogo kwa mtaji. Duka la Kihindi la Assanand & Sons liliuza vyombo na santuri likatoa nyimbo chini ya lebo yake, Mzuri. Kaseti ilipotawala, Mbwana Radio Service, duka ambalo jina lake lenyewe linataja redio, likawa mahali pa kutafuta taarabu ya Mombasa: mteja aliingia kwa ajili ya redio kaseti akatoka na kanda ya mwimbaji anayempenda.

Mapokeo hayo yanatofautiana na yale ya Tokyo katika jambo la msingi. Kwa CBS au Columbia, nakala ndiyo mali. Kila nakala isiyolipiwa ni wizi wa moja kwa moja. Katika taarabu ya kaseti, riziki kubwa ya mwimbaji ilitoka harusini: malipo ya kualikwa na pesa za kutunzwa jukwaani. Kanda nyingi zilirekodiwa hapohapo kwenye shughuli, vigelegele na vicheko vikiwemo, kisha zikarudufiwa dukani kwa kadiri ya maombi. Kanda iliyosambaa ilikuwa barua ya mwaliko kwa harusi ijayo. Kwa hiyo muuza kanda na mwimbaji hawakuwa na sababu ya kupigana kwa ukali ule wa New York. Kunakili kulimpa mmoja mauzo na mwingine sifa.

Nisiyapambe mapokeo hayo. Mwimbaji alilipwa mara moja tu, mara nyingi kidogo, na mirabaha ilikuwa neno la watu wa mbali. Mtunzi wa mashairi alikuwa na bahati mbaya zaidi, maana hakupanda jukwaani wala hakutunzwa. Tanzania ilipata sheria yake ya hakimiliki inayosimamiwa na COSOTA mwaka 1999, baada ya kizazi kizima cha kanda kupita. Amani kati ya chombo na wimbo ilinunuliwa kwa jasho la msanii.

Nairobi inaonyesha kilichotokea mapokeo hayo mawili yalipokutana. Katika miaka ya 1970 ilikuwa kitovu cha santuri cha ukanda mzima. Bendi za Tanzania na Kongo zilikwenda huko kurekodi na kuchapisha sahani, na EMI, CBS na PolyGram zote zilikuwa na shughuli zao mjini. Kisha redio kaseti zikashuka bei, wadurufu wakajaa mitaani, na biashara ya santuri ikaporomoka katika miaka ya 1980. Zingatia nani alimuumiza nani. PolyGram ilikuwa ya Philips, na kaseti ilikuwa ya Philips. Kule Eindhoven hasara ya Nairobi huenda ilikuwa namba ndogo chini ya ukurasa. Hapa ilimaanisha kwamba bendi iliyozoea kulipwa kwa sahani sasa inategemea mlango wa ukumbi peke yake.

Miaka ya karibuni imeleta mifano miwili inayofaa kuwekwa kando ya Sony. Wa kwanza unafanana na CJ ya Korea. Kundi la Bakhresa, lililokua kwa unga wa ngano, lilianzisha Azam TV mwaka 2013. Linauza king'amuzi, ambacho ni mashine, lakini hakuna anayenunua king'amuzi kwa kupenda king'amuzi. Watu hununua Simba na Yanga. Mwaka 2021 Azam ilitia saini mkataba wa miaka 10 wa haki za Ligi Kuu ya Tanzania Bara wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Fedha ilielekezwa uwanjani kwanza, na chombo kikafuata.

Wa pili unafanana na Sarnoff. Transsion ya China, watengenezaji wa simu za Tecno na Infinix, ndiyo iliyoikuza Boomplay, programu ya muziki iliyoanza 2015 na kuja imepakiwa tayari ndani ya simu mpya. Muziki wa bure ulikuwa njia ya kuipendeza simu mbele ya mnunuzi wa Kariakoo au Luthuli Avenue. Lakini Boomplay ilifanya jambo ambalo RCA isingelifanya. Iliruhusiwa kuwekwa hata kwenye simu za washindani, ikaingia mikataba na kampuni kubwa za muziki, na ikaanza kuishi maisha yake nje ya Tecno. Chambo kiliachwa kiwe samaki.

Kilichobaki Tokyo

Katika kundi hili lote la watengenezaji mashine, Sony peke yake ndiyo iliyobaki na muziki na sinema iliyonunua. Maelezo mepesi ni kwamba hatimaye vyombo na nyimbo vilishirikiana kama Morita alivyoota. Ushahidi unaonyesha karibu kinyume chake.

Angalia PlayStation, mafanikio yake makubwa kuliko yote. Nintendo ilipoiacha Sony mwaka 1991 na kugeukia Philips, mhandisi Ken Kutaragi aliuendeleza mradi uliobezwa na wakubwa wengi wa elektroniki. Kampuni iliyoundwa Novemba 1993 kuubeba, Sony Computer Entertainment, ilikuwa ubia wa Sony na tawi lake la muziki la Japani. Watu wa muziki hawakuleta nyimbo. Walileta ujuzi wa kuchapa sahani kwa haraka, kuzisambaza madukani na kuwatendea watunzi wa michezo kama wasanii wenye majina. Mashine ilipotoka Desemba 1994 ilikuwa imeundwa ili mchezo uwe mzuri na mtunzi wake atajirike.

Angalia pia muziki na sinema. Sony Music leo inauza nyimbo zake kwa Spotify, kwa Apple, kwa yeyote mwenye mkataba, bila kumlazimisha msikilizaji kununua chombo cha Sony. Sony Pictures haikujenga jukwaa lake kubwa la kushindana na Netflix. Mwaka 2021 ilikubali kuiuzia Netflix haki za filamu zake. Mwaka 2013 mwekezaji Daniel Loeb aliishinikiza Sony iitenge burudani na elektroniki. Bodi ilikataa, lakini kiutendaji ikatekeleza kiini cha hoja yake: kila upande ukaachiwa utafute wateja wake. Kompyuta za Vaio ziliuzwa mwaka 2014. Haki za utunzi za EMI, mrithi wa Kampuni ya Gramophone iliyomrekodi Siti, zikaingia kikamilifu Sony mwaka 2018. Sasa michezo, muziki na filamu vinaleta zaidi ya nusu ya mauzo ya kampuni iliyoanza kwa kutengeneza redio.

Atakayenipinga atataja Blu-ray. Mwaka 2008 Toshiba iliiondoa sokoni HD DVD, na ni kweli kwamba studio ya Sony na PlayStation 3 vilichangia ushindi huo. Nakubali, ni mara moja ambapo ndoto ya Betamax ilitimia. Ila Netflix ilikuwa imeanza kutiririsha filamu mwaka mmoja kabla, na taji la sahani lilivaliwa wakati ufalme wa sahani unakwisha.

Ulinganisho huu una faida kwa msanii, timu au mtayarishaji wa Afrika Mashariki anayeletewa mkataba na muuza simu, king'amuzi au mtandao. Uraia wa kampuni haumwambii mengi. Waingereza, Wajapani, Waholanzi na Wahindi wa Mombasa wote walimtanguliza mwenye chombo walipopata nafasi. Kiasi cha fedha cha mwanzo nacho hakimwambii mengi, kama waimbaji wa kanda walivyojifunza. Vifungu vya kusomwa kwanza ni vile vinavyoeleza kama kazi yake itaruhusiwa kuuzwa nje ya chombo cha mnunuzi, na ni nani atakayekuwa na haki juu yake siku kampuni itakapochoka na burudani na kurudi kwenye mashine. Historia inaonyesha kwamba wengi huchoka. Mkataba usioitaja siku hiyo umekwisha kumwachia mwenye chombo aiamue peke yake.